Kuwia na Kuwiwa: Ufafanuzi wa Pande Mbili za Hesabu katika Madaftari ya Ushirika, Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umeenea pwani na bara. Lakini msemo wenyewe hautuambii daftari liandikwe namna gani, wala lisomwe kwa lugha gani. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoshughulikiwa na makala haya. Kusudi letu ni kufafanua kanuni ya msingi ya uwekaji hesabu, yaani kanuni ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, hata jumla za pande hizo zikawa sawa. Pamoja na hayo twataka kuonyesha kwamba ugumu unaowapata wanafunzi na wanachama wa vyama vya ushirika hautokani na hesabu peke yake. Sehemu kubwa ya ugumu huo ni ya lugha, na kwa hiyo ni kazi yetu sisi tunaoshughulika na lugha.

Mifano yetu tumeichota katika mazingira ya Nakuru na sehemu zinazouzunguka mji huo: Njoro, Molo, Rongai, Subukia, Bahati na Elburgon. Sababu za kuchagua sehemu hizo zitaelezwa katika sehemu ifuatayo.

2. Lugha ya mkutano na lugha ya daftari

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua ukiwa soko na bohari la mashamba makubwa ya walowezi. Makao makuu ya chama kikubwa cha wakulima, KFA, yalikuwa hapo. Hapo pia ndipo kilipojengwa kiwanda cha kusindika maua ya pareto. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au yalinunuliwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wasio na mitaji mikubwa walichanga fedha katika vyama na kampuni za kununua ardhi, kila mmoja akawa na hisa zake. Vikaongezeka pia vyama vya ushirika vya maziwa na vya pareto.

Waliokutana katika vyama hivyo walitoka katika makabila mengi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Waluo na wengineo. Pale ambapo wanachama hawakuwa wa lugha moja, mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, na hali ni hiyo hata leo. Lakini daftari liliandikwa kwa Kiingereza, na karani alifunzwa kwa Kiingereza. KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu iliyoundwa mwaka 1969, nayo hutahini kwa lugha hiyo. Hivyo basi, mwanachama hujadili mali yake kwa lugha moja, na mali hiyo huandikwa kwa lugha nyingine. Baina ya lugha hizo mbili husimama karani au mweka hazina akifasiri. Akifasiri vibaya, kwa kutojua au kwa hila, mwanachama hana njia ya kumsahihisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini haki hiyo haimfai kitu mkulima ikiwa ukurasa wa daftari wenye jina lake haumsemeshi.

3. Maneno mawili yanayopotosha

Pande mbili za hesabu huitwa na makarani debiti, yaani upande wa kushoto, na krediti, yaani upande wa kulia. Wapo wanaoyafasiri maneno haya kwa "deni" na "mkopo". Fasiri hiyo huonekana nyepesi na ya haki, kwa kuwa kamusi za lugha mbili huyakaribisha maneno hayo. Lakini tuitazame kwa makini.

Kwanza, neno "deni". Mwanachama akisikia kwamba hesabu ya fedha ina "deni la shilingi 175,000", atadhani chama kinadaiwa fedha hizo. Kumbe maana ni kinyume chake: chama kinazo shilingi 175,000 mkononi. Tena madeni halisi ya chama, yaani yale ambayo chama chapaswa kuyalipa, hukaa upande wa kulia, si wa kushoto. Kwa hiyo fasiri hii si pungufu tu, bali imepinduka.

Pili, neno "mkopo". Chama kikiuza maziwa na malipo yakacheleweshwa, twasema kwa Kiswahili kizuri kwamba kimeuza "kwa mkopo". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba krediti ni mkopo atakimbilia kuandika jina la mnunuzi upande wa kulia. Atakuwa amekosea, maana mnunuzi aliyechukua mali bila kulipa huandikwa kushoto. Neno lililokusudiwa kumwongoza ndilo lililompoteza.

Tatizo la maneno haya mawili ni kwamba kila moja linataja kitu, na halituambii kitu hicho kinatazamwa kutoka upande gani. Mkopo ni uleule mmoja, awe anayeuzungumzia ni aliyekopa au aliyekopesha. Pande mbili za hesabu hazitaji vitu, zinataja uhusiano. Twahitaji, basi, neno la uhusiano. Na katika lugha yetu kazi ya kuonyesha uhusiano hufanywa na kitenzi pamoja na minyambuliko yake.

4. Asili ya kanuni

Kanuni ya pande mbili ilistawi miongoni mwa wafanyabiashara wa miji ya Italia kabla ya mwisho wa karne ya 15. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, aliieleza katika kitabu chake cha hisabati kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na ufafanuzi wake ndio wa kwanza kuenea kwa njia ya chapa. Wafanyabiashara hao walianza kwa kuandika hesabu za watu: fulani apaswa kutoa, fulani apaswa kupata. Baadaye walivichukulia vitu visivyo watu kana kwamba ni watu. Sanduku la fedha likafunguliwa ukurasa wake, ghala ukurasa wake, gharama ukurasa wake. Sanduku likipokea fedha, lapaswa kuzitolea hesabu, sawasawa na mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake. Debiti yatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupaswa kulipa, na krediti yatokana na kitenzi chenye maana ya kuamini.

Kutokana na hayo twapata kanuni fupi: hesabu inayopokea huandikwa kushoto, na hesabu inayotoa huandikwa kulia. Maadamu hakuna kupokea pasipo kutoa, kila jambo huandikwa mara mbili kwa kiasi kilekile, na jumla za pande mbili haziwezi kutofautiana isipokuwa kwa kosa.

5. Kitenzi "wia" na mnyambuliko wake

Kiswahili kinacho kitenzi cha kale kinachobeba dhana hii barabara, nacho ni "wia". Kwa umbo, ni kauli ya kutendea ya kitenzi "wa", na twakisikia kila siku katika "niwie radhi" na "imemwia vigumu". Katika mambo ya fedha kina maana mahsusi: "namwia shilingi elfu" ni kusema kwamba yeye apaswa kunilipa shilingi elfu. Kauli ya kutendwa ni "wiwa": "anawiwa nami shilingi elfu". Katika kauli ya kutendana twapata "wiana", ambamo hutoka nomino "uwiano", yaani hali ya vitu viwili kulingana.

Faida ya kitenzi hiki ni kwamba hakimwachi mtu mmoja peke yake. Hapana awiwaye pasipo amwiaye. Ukisema "anawiwa", msikilizaji atauliza mara moja, "Na nani?" Swali hilo ndilo kanuni yote ya pande mbili. Tena mpangilio wa sentensi yetu wafanana na mpangilio wa daftari. Chukua sentensi ifuatayo:

Hesabu ya Fedha inawiwa na Hesabu ya Hisa shilingi 300,000.

Kiima kimetangulia, nacho huandikwa kushoto. Mtenda hufuata baada ya "na", naye huandikwa kulia. Kiasi ni kimoja kwa wote wawili. Mwanafunzi awezaye kuitunga sentensi hii amekwisha kuandika hesabu yake; kilichobaki ni kuihamishia katika leja.

Jambo moja litahadhariwe. Kiunganishi "na" chaweza kuwa cha mtenda na chaweza kuwa cha kuongeza. Katika "Fedha inawiwa na Hisa na Mauzo", "na" ya kwanza yaonyesha mtenda, na ya pili yaongeza mtenda mwingine. Katika tungo za namna hiyo kiasi cha kila mtenda sharti kitajwe mbali.

6. Mfano wa chama cha maziwa

Tuchukue chama cha kubuni cha wafugaji mia moja karibu na Njoro, katika mwezi wake wa kwanza. Mambo saba yametendeka, na kila moja tunalitungia sentensi.

(a) Kila mwanachama alilipa hisa ya shilingi 3,000 taslimu. Fedha inawiwa na Hisa 300,000.

(b) Chama kilinunua mitungi na mizani kwa fedha taslimu. Vifaa inawiwa na Fedha 120,000.

(c) Wafugaji walileta lita 10,000 za maziwa kwa bei ya shilingi 40 kwa lita, walipwe baadaye. Ununuzi inawiwa na Wafugaji 400,000.

(d) Maziwa yote yaliuzwa kwa kiwanda kwa shilingi 46 kwa lita, nacho kitalipa baadaye. Kiwanda inawiwa na Mauzo 460,000.

(e) Chama kililipa gari la kukodi na mshahara wa karani. Gharama inawiwa na Fedha 35,000.

(f) Kiwanda kililipa sehemu ya fedha. Fedha inawiwa na Kiwanda 250,000.

(g) Wafugaji walilipwa sehemu ya fedha zao. Wafugaji inawiwa na Fedha 220,000.

Msomaji asishangazwe na upatanisho wa "Wafugaji inawiwa". Kinachotajwa si watu bali ni hesabu yao, na nomino "hesabu" iliyofichika ndiyo inayotawala upatanisho.

Sasa tuitazame Hesabu ya Fedha. Kushoto iliandikwa mara mbili: 300,000 na 250,000, jumla 550,000. Kulia iliandikwa mara tatu: 120,000, 35,000 na 220,000, jumla 375,000. Tofauti, yaani salio, ni 175,000 upande wa kushoto, na kiasi hicho sharti kipatikane sandukuni kikihesabiwa kwa mkono. Tukifanya vivyo hivyo kwa kila hesabu, twapata orodha iitwayo urari:

Upande wa kuwiwa (kushoto): Fedha 175,000, Vifaa 120,000, Ununuzi 400,000, Kiwanda 210,000, Gharama 35,000. Jumla 940,000.

Upande wa kuwia (kulia): Hisa 300,000, Wafugaji 180,000, Mauzo 460,000. Jumla 940,000.

Pande zimelingana. Kutokana na urari huu twaweza kujua hali ya chama. Mauzo ya 460,000 yakitolewa ununuzi wa 400,000 na gharama za 35,000, ziada ni 25,000. Mizania nayo yaonyesha mali upande mmoja: fedha 175,000, vifaa 120,000 na madai kwa kiwanda 210,000, jumla 505,000. Upande wa pili yaonyesha wenye haki juu ya mali hiyo: wafugaji 180,000, wenye hisa 300,000 na ziada 25,000, jumla 505,000. Kwa maneno mengine, kila shilingi iliyomo chamani inawiwa na mtu fulani. Hakuna mali isiyo na mwenyewe.

7. Urari usichoweza kusema

Urari usipolingana, karani anazo dalili za kumsaidia. Ikiwa tofauti ya pande mbili yagawanyika kwa tisa bila baki, yamkini tarakimu mbili zilibadilishana mahali: 54,000 ikiandikwa 45,000, tofauti ni 9,000. Ikiwa nusu ya tofauti ni kiasi kinachoonekana mahali fulani katika leja, yamkini kiasi hicho kiliandikwa upande usio wake.

Lakini jambo zito zaidi ni kwamba urari waweza kulingana na hesabu zikawa mbovu. Jambo lisiloandikwa kabisa haliharibu urari. Kiasi kilichokosewa kwa namna moja pande zote mbili hakiuharibu. Makosa mawili yanayofidiana hayauharibu. Na lita za mfugaji mmoja zikiandikwa katika ukurasa wa mfugaji mwingine, urari utasimama vilevile, maana jumla ya Wafugaji haikubadilika. Aliyenyang'anywa ni mtu, si jumla.

Hapo ndipo suala la lugha linapogeuka kuwa suala la haki. Mkaguzi wa hesabu hutazama jumla na hati chache alizozichagua. Mtu anayejua kwa hakika kwamba siku fulani alileta lita kumi na mbili, wala si nane, ni mfugaji mwenyewe. Mlinzi bora wa ukurasa wake ni yeye, kwa sharti kwamba aweza kuusoma. Mkulima wa pareto alikuwa na taabu zaidi, kwa sababu bei ya maua yake makavu ilifuata kiasi cha sumu ya kuua wadudu kilichopimwa kiwandani. Siku ya kuyapeleka alijua uzito wa gunia lake, lakini hakujua thamani yake. Stakabadhi ya uzito na hati ya malipo zilikuwa karatasi mbili zinazosubiriana, na asiyeweza kuzilinganisha hakuweza kuuliza swali.

8. Benki, simu na upande wa mtazamaji

Wanafunzi hutatizwa pia na taarifa ya benki. Wamefundishwa kwamba fedha zikiingia huandikwa debiti. Kisha benki yawaarifu kwamba hesabu yao imewekwa krediti kwa sababu wamepeleka fedha. Wengi hudhani kwamba benki ina kanuni zake za pekee. Kitenzi chetu chaliondoa fumbo hili kwa urahisi. Katika daftari la chama, Benki inawiwa na Fedha, kwa kuwa benki imepokea. Katika daftari la benki, Fedha inawiwa na Mteja, kwa kuwa mteja ametoa. Tukio ni moja, madaftari ni mawili, na kila mwenye daftari asimulia kutoka mahali aliposimama. Ni kama wasemaji wawili wanaoitana "mimi" na "wewe": kiwakilishi hubadilika, watu hawabadiliki.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mamilioni ya Wakenya wameuzoea ujumbe wa simu uwaambiao kwamba wametuma au wamepokea kiasi fulani, na kwamba salio lao ni kiasi fulani. Kutuma, kupokea, salio: hayo ni mafunzo ya hesabu yaliyokwisha kuingia mfukoni mwa kila mtu. Mwalimu wa hesabu anaweza kuanzia hapo.

9. Pingamizi na pendekezo

Yawezekana kupinga kwamba "wia" ni neno la kale na la pwani, lisilojulikana Molo wala Subukia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si kamili. Waumini wa bara waisomao Biblia ya Muungano wanakikuta kitenzi "nawiwa" katika Waraka kwa Warumi, nao huelewa kwamba mwenye kunena ana wajibu wa kulipa. Neno ambalo mkulima hulisikia kanisani si geni kwake. Lililo geni ni kulitumia katika leja.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji, na twalikubali. "Wia" na "wiwa" hutofautiana kwa herufi moja. Karani aandikaye kwa haraka jioni, mwanga ukiwa hafifu, aweza kuyachanganya, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko yale tuliyotaka kuyaondoa. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba vichwa vya safu katika leja vibadilishwe. Debiti na krediti yamekwisha kukaa katika vinywa vya makarani, nayo yabaki hapo kama majina matupu ya kushoto na kulia. Tunachopendekeza ni mambo matatu. Mosi, "deni" na "mkopo" yaachwe kabisa kuwa fasiri za pande za hesabu, yabakie na maana zake za kawaida. Pili, darasani na mkutanoni kila jambo litungiwe kwanza sentensi ya "inawiwa na" kabla ya kuandikwa. Tatu, ukurasa wa mwanachama katika leja ya chama uandikwe kwa Kiswahili, uonyeshe tarehe, alichotoa, alichopokea na salio lake, naye apewe nakala.

Yanayotakiwa hapa si makubwa. Karatasi ni ileile, na kalamu ni ileile. Lakini mweka hazina asomapo mbele ya wanachama kwamba "Wafugaji, salio la kuwia, shilingi 180,000", mfugaji aliyeketi nyuma ataelewa kwamba fedha hizo ni zao na bado hazijalipwa, naye atasimama aulize zitalipwa lini.